Waya Alioushika Ansbert

Redio yangu iliharibika mwezi wa Februari mwaka 1979, wakati vijana wetu walikuwa wameshavuka mpaka na kuingia Uganda. Nasema redio yangu kwa sababu niliinunua kwa jasho langu, lakini kwa kweli kijiji kizima kiliitegemea. Kila jioni, baada ya darasa la watu wazima nililokuwa nafundisha, watu walibaki uani kwangu kusikiliza taarifa ya habari kutoka Dar es Salaam. Kina mama wenye watoto vitani walikaa mbele, karibu na dirisha. Wanaume walisimama nyuma na kujifanya hawana haraka ya kusikia.

Kijiji chetu kiko Nyabusozi, wilaya ya Biharamulo. Tulihamishiwa pale wakati wa operesheni ya vijiji. Nyumba zikapangwa mistari kama viazi, na sisi Wasubi tukachanganywa na Wasukuma waliokuja na ng'ombe wao. Mwenyekiti wetu, Mzee Ndassa, alikuwa Msukuma. Jirani yangu wa kulia, Shibuda, naye alikuwa Msukuma, na ng'ombe wake walikuwa na tabia ya kuingia katika mihogo yangu kama wamealikwa. Jirani wa kushoto alikuwa Ansbert.

Mimi sikusoma utotoni. Nilijifunza kusoma na kuandika Mwanza, nikiwa mtu mzima mwenye mke, katika darasa la usiku. Mchana nilifagia duka la fundi redio mmoja wa Kihindi. Nilifagia mpaka akachoka kuniona nimesimama nyuma ya bega lake, akanipa kiti. Kwake nilijifunza kwamba redio haiharibiki kwa uchawi wala kwa kununa. Inaharibika mahali fulani, na mahali hapo panatafutika. Niliporudi nyumbani nilirudi na ujuzi huo, bisibisi, na chuma cha kulehemu cha kuchomeka kwenye makaa.

Ansbert alikuwa rafiki yangu wa damu. Kwa vijana wasioijua mila hiyo, nieleze kidogo. Watu wawili waliopendana walichanjwa karibu na kitovu, damu ikapakwa kwenye buni ya kahawa, kila mmoja akameza ya mwenzake mbele ya shahidi. Sisi tulisimamiwa na Mzee Nshoma. Padri aliposikia alinung'unika, lakini hakutufukuza kanisani. Tangu siku hiyo ndugu yake alikuwa ndugu yangu, shida yake ilikuwa shida yangu, na hakuna kati yetu aliyeweza kusimama mbele ya watu akamsema mwenzake. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote. Kumnyima rafiki wa damu chakula ni aibu. Kumsema barazani ni jambo ambalo wazee hawakuwa hata na adhabu yake.

Na Ansbert alikuwa na kaka, jina lake Matiasi, aliyekwenda Uganda kuchuma kahawa siku za ujana akabaki huko huko, upande wa Masaka. Tulijua wachache. Wakati wa vita hakuna aliyetangaza kwamba ana ndugu upande ule.

Basi redio ikanyamaza. Jioni ile tulifungua, ikatoa mvumo kama mvua ya mbali, na ndani ya mvumo hakukuwa na mtu. Kina mama walikaa wakaangalia dirisha mpaka giza likaingia.

"Betri zimekufa," alisema Shibuda. "Zianike juani, Mwalimu, kama sisi tunavyofanya."

"Betri zikifa, mvumo nao unakufa," nilimjibu. "Huu unasikika vizuri."

"Basi labda Dar wamelala."

Watu walicheka, lakini kicheko cha kutojua la kufanya. Mama mmoja, Nyamizi, ambaye mwanawe wa pekee alikuwa mgambo, aliniuliza kabla ya kuondoka, "Mwalimu, kesho itasema?" Nikamwambia itasema.

Kesho yake mchana, nilipotoka shamba la kijiji, niliiweka redio mezani uani, nikaifungua mgongo. Ansbert alikuja akakaa kwenye kinu kilichopinduliwa, akawa ananitazama.

"Unaanzia wapi, kaka?"

"Kwenye kile ambacho kila mtu anakilaumu," nilisema. "Nikishakiondoa, watu watanyamaza niendelee."

Nilizijaribu betri kwa balbu ya tochi. Balbu iliwaka nyeupe. Nikazitazama springi zinazozishika; moja ilikuwa na kutu ya kijani, nikaisugua kwa msasa. Mvumo uliongezeka kidogo, lakini sauti ya mtu haikuja. Nikafungua sauti mpaka mwisho, nikagusa kwa ncha ya bisibisi waya unaotoka kwenye kidude cha kuongeza sauti. Spika ikanguruma, Ansbert akaruka.

"Imepona?"

"Bado. Lakini sasa najua spika ni nzima, na kila kitu kinachopeleka sauti kwenye spika ni kizima. Redio ina nusu mbili, Ansbert. Nusu moja inadaka, nusu nyingine inasema. Hii inayosema haina neno. Haijaletewa kitu cha kusema."

Alitikisa kichwa kwa namna ya mtu anayefurahia maneno zaidi ya maana yake. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Aliweza kukaa karibu na kazi yangu siku nzima, na mimi, niseme kweli, nilipenda awepo.

Ikabaki nusu ya kudaka. Niliubadilisha waya wa nje, ule wa eriali, uliokuwa umeliwa na moshi wa jikoni. Nikampa Ansbert ncha ya waya mpya, akasimama juu ya kinu akaunyanyua kadiri mkono wake ulivyofika. Nikaizungusha redio kutafuta Dar es Salaam. Kwa mbali, ndani kabisa, nilisikia kama mtu anayeongea kwenye shimo, kisha akapotea, kisha akarudi.

Hapa lazima nieleze jambo, kwa sababu ndilo lililoniponza. Sisi tuko mbali na Dar es Salaam. Mchana sauti ya Dar ilitufikia ikipanda na kushuka yenyewe, hata redio ikiwa nzima. Ukitafuta ubovu kwa sauti kama hiyo, unagusa waya, sauti inapanda, unafurahi, kumbe ni anga tu limefunguka. Unagusa mwingine, inashuka. Unaulaumu waya usio na kosa. Fundi anahitaji sauti isiyotetereka, ili ikibadilika ajue ni mkono wake umeibadilisha. Na pale kijijini kwetu, kwa redio yangu, saa zile za mchana, sauti moja tu ndiyo iliyosimama imara kama nguzo. Ilikuwa Kampala. Kabla ya vita kila mwenye redio alijua hivyo na hakuna aliyeona ajabu.

Nikaiweka redio Kampala. Ilisikika kidogo sana, kama mbu. Nikachukua kijiti cha mwanzi, nikaanza kusukuma waya mmoja baada ya mwingine, taratibu, huku nasikiliza. Huu, hakuna. Huu, hakuna. Nilipofika kwenye swichi ya kubadilisha mawimbi, nikabonyeza mguu wake wa mwisho, Kampala ikalipuka uani kwangu. Nilikuwa nimesahau kwamba sauti ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Mtangazaji alikuwa anasema kwa Kiswahili, anajisifu, anatutukana, na kuku walikimbia.

Nilitazama kwa karibu. Lehemu iliyoushika mguu ule ilikuwa imepasuka, ufa mwembamba kama unywele. Nilifurahi kama mtoto. Mtu ambaye hajawahi kutafuta kitu kidogo ndani ya kitu kikubwa hawezi kujua furaha ile.

Mke wangu Deodata alitoka jikoni mbio. "Baba Restituta! Funga hicho kitu! Watu wanapita kwenda kisimani!"

Nikanyoosha mkono nifunge. Ansbert, juu ya kinu, waya mkononi, akasema, "Acha kidogo, kaka."

"Ansbert, hii ni Kampala."

"Najua. Wanataja Masaka. Kidogo tu. Nakuomba."

Nilimtazama. Uso wake ulikuwa umebadilika. Nikapunguza sauti, lakini sikufunga. Tulisikiliza mpaka mtangazaji alipomaliza habari za Masaka, ambazo zilikuwa uongo mtupu, majeshi yetu yamekufa yote na kadhalika, na ndani yake hakukuwa na neno lolote la kumsaidia mtu mwenye kaka mchuma kahawa. Ansbert akashuka. Akaniaga, akaenda zake. Nikazima redio, nikachukua kipande cha lehemu kilichobaki, ambacho kilikuwa kidogo kama punje ya mtama, nikaushikiza ule mguu, na pembeni nikachomeka kijiti kuukaza mpaka nitakapopata lehemu nyingine kutoka Mwanza.

Jioni ile Dar es Salaam ilisema. Nyamizi alikaa mbele. Watu walipiga makofi kabla hata habari hazijaanza.

Siku iliyofuata balozi wa nyumba kumi alikuja kwangu mapema, amesimama mlangoni hataki kukaa. Natakiwa ofisi ya kijiji kesho asubuhi. Kuna taarifa kwamba nasikiliza redio ya adui na kuwasikilizisha watu.

"Nani kasema?"

"Mimi nimetumwa tu, Mwalimu."

Nilijua mwenyewe ni nani. Wiki hiyo hiyo nilikuwa nimemkemea Shibuda mbele ya watu kwa ajili ya mihogo yangu. Nikamwona Shibuda anapita na ng'ombe zake, akanisalimia, sikumjibu.

Deodata alinifuata ndani. "Umezungumza na Ansbert?"

"Nimwambie nini? Alikuwepo. Alishika waya. Ameona kila kitu."

"Kwa hiyo kamwambie unamtaja. Mkubaliane mtakavyosema."

"Deodata, rafiki wa damu haendewi na mambo kama hayo. Ukimwuliza atasema nini, umeshamwambia kwamba humwamini."

"Mimi sijameza buni na mtu," alisema. "Ningemwuliza."

Sikwenda. Kwetu hakuna mwanamume aliyechanjiana na mwenzake ambaye angekwenda.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja cha bati, na siku ile watu walijaa mpaka nje. Mzee Ndassa alikaa mezani, katibu pembeni yake, na kamanda wa mgambo kasimama na fimbo yake. Nilimwamkia mwenyekiti, maana alinizidi umri. "Shikamoo, Mzee." "Marahaba, Mwalimu. Kaa." Sauti yake haikuwa mbaya. Ndassa hakuwa mtu wa kuonea. Alikuwa mtu mwenye barua za wilaya mezani, zinazouliza kila wiki nani anafanya nini.

Nikaeleza. Nilieleza vizuri, nadhani, kwa utaratibu, kama nilivyoeleza hapa: betri, springi, spika, waya, na kwa nini fundi anahitaji sauti isiyotetereka. Wengine walielewa. Niliwaona wakitikisa vichwa, hasa wanafunzi wangu.

"Kwa hiyo," alisema kamanda, "ili usikie Dar lazima kwanza usikie Kampala."

"Ili nijue redio inaumwa wapi."

"Kumbe adui ni daktari wetu!" Watu wakacheka. "Na daktari huyo ulimwacha aongee muda gani?"

Hapo nilisita. Jibu la kweli lilikuwa na jina la mtu ndani yake.

"Una shahidi, Mwalimu?" aliuliza Ndassa, kama anayenitupia kamba.

"Ninaye. Ansbert alikuwepo mwanzo mpaka mwisho. Aseme yeye."

Ansbert alikuwa karibu na mlango. Akaja mbele, kofia mkononi. Hakunitazama, nami nikadhani ni heshima.

"Ulikuwepo?"

"Nilikuwepo, Mzee. Niliombwa nishike waya. Nikashika. Mimi mambo ya ndani ya redio siyajui."

"Ulisikia nini?"

"Kampala."

"Ilikuwa kwa ajili ya matengenezo, kama anavyosema?"

"Mwanzo ndiyo."

"Mwanzo. Na baadaye?"

Aliizungusha ile kofia. "Baadaye redio ilikuwa imepona. Mimi nilimwambia aifunge. Nikamwambia, kaka, hii ni Kampala. Akaniambia, acha kidogo."

Nilisikia maneno yangu yakitoka kinywani mwake, na maneno yake akinivika mimi. Sikuelewa mara moja. Kwa kitambo kidogo nilidhani amechanganyikiwa, kwamba atajirekebisha. Alikuwa amesimama karibu nami kiasi kwamba niliona jasho kwenye shingo yake.

Mzee Nshoma, aliyekuwa amekaa kwenye benchi la wazee, aliinuka akiegemea mkongojo.

"Unakwenda wapi, Mzee wangu?" aliuliza Ndassa. "Hatujamaliza."

"Mimi nimemaliza," alisema Nshoma. "Masikio yangu yameshiba." Akatoka, na wazee wengine wawili wa Kisubi wakamfuata. Ndassa aliwatazama bila kuelewa. Kwake yeye shahidi alikuwa ametoa ushahidi, basi. Hakujua kilichovunjwa mbele ya meza yake, na hakuna aliyemweleza.

"Mwalimu," akasema, "una swali kwa shahidi wako?"

Nilikuwa nalo. Lilikuwa swali fupi: Kaka yako Matiasi yuko wapi? Ningeuliza hilo tu, nikakaa, na mambo yangegeuka pale pale. Kamanda angesahau redio. Ansbert angepakiwa kwenye lori kupelekwa bomani Biharamulo kuhojiwa, na kila mtu angeelewa ni nani aliyetaka kusikia habari za Masaka. Sasa aliniangalia kwa mara ya kwanza. Alijua swali lipo. Macho yake yaliniomba, kama yalivyoniomba alipokuwa juu ya kinu.

Lakini Matiasi alikuwa kaka yangu pia. Sikumeza buni ile kwa mzaha.

"Sina swali," nilisema.

Hawakunifunga. Ndassa alisema wazi kwamba ni kwa sababu ya umri wangu na kazi niliyoifanyia kijiji. Redio itahamia ofisini, isikilizwe chini ya usimamizi. Darasa nitaliacha kwa muda, atalifundisha katibu. Nilikuwa na wanafunzi ambao walikuwa wameanza kuandika majina ya watoto wao. Katibu alifundisha mara chache, akachoka, benchi zikarudishwa shuleni.

Na kwa kuwa Ansbert ameonyesha uaminifu na amezoea mambo ya redio, alisema kamanda, yeye ndiye atakayeitunza.

"Amezoea kushika waya!" alipiga kelele Shibuda kutoka nje, na watu wakacheka tena.

Shibuda huyo huyo alinijia shambani siku ya pili yake. Alisimama mpakani, akaninyooshea fimbo ya kuchungia.

"Mwalimu, umeninunia kwa sababu gani? Nakusalimia unageuka kama mke mdogo."

"Unajua sababu."

"Nijue nini? Unadhani ni mimi niliyekwenda kwa Ndassa? Sikiliza. Mihogo yako ng'ombe zangu zimekula, na zitakula tena, nakwambia kweli, maana ni mitamu. Lakini jina lako sijalila. Siku ile ya Kampala, jua lilipokuwa linazama, nilikuwa kwa Ndassa kumpelekea maziwa. Nilimkuta rafiki yako amekaa kwenye kigoda. Nilipoingia akanyamaza. Nikajiuliza, huyu ana shida gani ambayo haiwezi kusemwa mbele ya maziwa?"

"Siku ile ile?"

"Kabla hujawafungulia watu habari za jioni."

Nilikaa chini pale kwenye matuta. Shibuda alikaa pia, ingawa hakuna aliyemkaribisha, na kwa mara ya kwanza hakufanya mzaha.

Kwa hiyo haikuwa hofu ya barazani, ya mtu aliyebanwa na maswali. Alishuka kwenye kinu, akaniaga, akaenda moja kwa moja. Watu waliokuwa wanapita kwenda kisimani walisikia Kampala, na yeye alijua watasema, na wakisema mtu atauliza nani mwingine alikuwepo, na mtu mwingine atakumbuka kwamba Ansbert ana kaka. Akaona ni afadhali afike wa kwanza. Halafu jioni alikuja uani kwangu, akasimama na wanaume wenzake, akapiga makofi redio iliposema.

Baada ya muda si mrefu alikuja nyumbani. Deodata alimwona, akaingia jikoni akaanza kusogeza masufuria kwa nguvu. Ansbert alisimama pale uani.

"Kaka, habari za hapa?"

"Nzuri."

"Ile redio imenyamaza. Walivyoibeba, ilitikisika. Inavuma tu."

"Ina mvumo?"

"Ndiyo."

"Basi betri ni nzima," nilisema, kabla sijajizuia.

Alisogea karibu. "Wamenipa siku chache. Nimewaambia naweza. Niambie tu ni wapi. Ule mguu wa ile swichi, sivyo? Nibonyeze nini?"

Ilikuwa ni ule mguu. Kijiti kilikuwa kimechomoka, na punje ile ya lehemu isingeshika bila hicho kijiti. Ningeweza kumweleza kwa sentensi moja.

"Mwambie mwenyekiti aniite," nilisema. "Aniite mbele ya watu, kama alivyoniita mwanzo. Nitakuja na chuma changu, nitaitengeneza bila malipo. Lakini nitaitengeneza kwa Kampala, kama mara ya kwanza, kwa sababu ndivyo inavyotengenezwa. Na kabla sijaanza utasimama useme ni nani aliyesema acha kidogo."

"Unataka nifungwe."

"Usimtaje Matiasi. Sema tu ni wewe uliyeomba. Sema ulipenda kusikia, basi. Utakemewa, kama nilivyokemewa."

"Kaka, mambo yale yamekwisha. Wewe hukufungwa. Una nyumba yako, una mke wako. Mimi wangenipeleka bomani, unajua. Nilifanya hesabu. Wewe ni Mwalimu, watu wanakupenda, nilijua hawatakufanya kitu kibaya."

Alisema hivyo kwa dhati. Nadhani hilo ndilo lililonichoma kuliko yote. Alikuwa amelipima pendo la watu kwangu, akaona linatosha kumbeba na yeye.

"Ungeniambia," nilisema. "Siku ile, hapa hapa. Ungesema, kaka, naogopa, jitwike wewe. Ningejitwika."

Aliondoka. Kwa mwenyekiti hakwenda. Redio ikakaa ofisini juu ya kabati, bubu, chini ya usimamizi. Nyamizi alikuja kuniuliza, "Mwalimu, mbona haisemi?" Nikamwambia haiko mikononi mwangu. Alikaa kidogo mlangoni, akaenda. Habari za kuanguka kwa Kampala zilitufikia kwa dereva wa lori aliyetoka Biharamulo mjini akipiga honi tangu barabarani. Mwana wa Nyamizi alirudi miezi baadaye, mzima, amekonda. Kipindi chote hicho mama yake alikuwa hana pa kukaa jioni.

Vita vilipokwisha Ndassa alinitumia ujumbe: nije nichukue redio yangu. Nikamjibu kwamba ilichukuliwa mbele ya mkutano, basi irudishwe mbele ya mkutano. Sikupata jibu. Deodata alisema kiburi changu kitaniua. Inawezekana.

Mwishoni mwa mwaka ule Matiasi alirudi. Alitembea, alipanda malori, akafika na mke Mganda na mguu unaochechemea, na sasa hakukuwa tena na haja ya kumficha. Ansbert alipika rubisi, pombe yetu ya ndizi, akachinja mbuzi, akaita kijiji kizima. Mimi nilialikwa na Matiasi mwenyewe, alimtuma mkewe aje anipigie magoti mlangoni. Nisingeweza kukataa. Nilivaa koti langu nikaenda.

Matiasi alinikumbatia mbele ya watu. Alikuwa amezeeka kuliko mimi. "Evaristi! Huyu ndiye mdogo wangu mwingine," alimwambia mkewe. "Huyu alikuwa na redio, nilipokuja mara ya mwisho tulisikiliza muziki mpaka betri zikaisha. Wakati wa mabomu nilikuwa nawaza, wale kule nyumbani angalau wana redio ya Evaristi, watajua kinachotupata."

Watu waliokuwa karibu walitazama vibuyu vyao.

"Lakini Ansbert ananiambia uliiuza," aliendelea Matiasi. "Uliuza kwa nini redio nzuri vile?"

Nilimtafuta Ansbert kwa macho. Alikuwa anakuja na kibuyu cha rubisi, amekishika kwa mikono miwili, kama mwenye nyumba anavyompelekea mgeni wake mkubwa. Bila shaka alikuwa amesikia. Alifika akasimama kati yangu na kaka yake, akakinyoosha kile kibuyu.

"Kunywa kwanza, kaka," alisema. "Mazungumzo yapo."

Mzee Nshoma alikuwa ameketi kando ya mlango. Aliacha kutafuna. Watu wote wa kwetu walijua kwamba kukipokea kibuyu kile ni kusamehe, na kutokukipokea ni kumkataa aliyekitoa. Matiasi alikuwa anatabasamu, ananitazama mimi, anamtazama ndugu yake, anasubiri tunywe ili na yeye anywe.

"Sina kiu," nilisema.

Matiasi alicheka, akadhani ni mzaha. "Evaristi, jua lote hili?"

"Sina kiu, kaka yangu. Ile redio sikuiuza. Mwulize huyu, akueleze yeye."

Nikamshika Matiasi mkono, nikampa pole ya safari, nikamwambia mkewe karibu nyumbani. Kisha nikaondoka. Ansbert alikuwa bado amenyoosha mikono, na rubisi ilikuwa imejaa mpaka mdomoni mwa kibuyu, hivyo hakuweza hata kugeuka haraka.

Nyuma yangu nilisikia Matiasi anauliza, "Kuna nini? Ansbert, kuna nini?" Akauliza tena. Nilikuwa nimeshafika barabarani, na sikusikia kama alijibiwa.